SOMO: Injini ya petroli inayogonga ukipanda mlima

Swali hili nimelijibu hadi vidole vinauma. Naliandika hapa mara moja, mengine nitakuwa naelekeza tu.

Magonjwa ni mawili. Nok: plagi imeshapiga cheche, moto unasambaa, halafu mchanganyiko uliobaki pembeni ya silinda unalipuka wenyewe kwa joto na mgandamizo. Mlio wake ni kama kokoto kwenye kopo. Kuwaka mapema: ncha ya plagi, masizi au ukingo wa valvu umekuwa kaa la moto, unawasha petroli kabla ya cheche. Huu unaweza kuwa kimya kabisa mpaka pistoni itoboke.

1. Panda mlima kwa gia kubwa, raundi ndogo, kanyaga. Ikigonga, legeza mguu. Mlio ukipotea, ni nok. Ikigonga hata gari likiwa limesimama, kaangalie tapeti na beringi za konrodi.

2. Kagua maji ya rejeta na feni, joto likizidi nok huja.

3. Badili kituo cha mafuta, huenda petroli yake ndiyo inaleta nok.

4. Plagi ziwe za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

5. Nok sensa. Kwenye injini za 1NZ za Toyota IST na Probox imefungwa kwenye bloku, upande wa manifodi ya hewa. Inasikiliza mtikisiko wa chuma. Ikisikia nok, kompyuta inachelewesha cheche. Kwa hiyo inavyokazwa ndiyo inavyosikia. Safisha uso wa bloku, usiweke washa (ringi ya bati) wala silikoni, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si kwa nguvu za bega. Kodi P0325 (hitilafu ya nok sensa) ikitokea anza na waya, panya wanaipenda.

ONYO: kuna mafundi wanafunga rezista badala ya nok sensa ili taa ya injini izime. Sensa ikifa, kompyuta huchelewesha cheche kwa tahadhari na gari linakuwa zito. Rezista inaidanganya kuwa sensa ni nzima, nguvu zinarudi, mteja anashukuru. Sasa injini ni kiziwi. Ikigonga pale mlima Kitonga hakuna wa kuiokoa.

Mzee wa Probox: Gari yangu inagonga, tatizo nini?
Jibu: Hatua ya 1.

Mzee wa Probox: Si ungejibu tu mkuu.
Jibu: Nimejibu kabla hujauliza.

Binti Gereji: Shikamoo fundi. Plagi "baridi" ni ipi? Namba zinanichanganya.
Jibu: Marahaba. Swali zuri. Baridi hupeleka joto haraka kwenye hedi, kwa hiyo ncha haigeuki kaa. NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Bosch ni kinyume, ndiyo maana watu wanakosea wakibadili kampuni. Ukizidisha ubaridi inashika masizi.

Binti Gereji: Na turbo?
Jibu: Turbo zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda huwaka mapema kwenye raundi ndogo, matone ya oili yakichangia. Tafuta kopo la oili lenye alama ya API SP, daraja la ubora la 2020. Na usikanyage mpaka mwisho ukiwa raundi ya chini, shusha gia kwanza.

Kaka Mkubwa: Okteni ya juu inaongeza nguvu?
Jibu: Inazuia nok tu. Kama injini haigongi, umenunua risiti.