Jinsi ya kusoma majibu ya kipimo cha damu cha aleji ya chakula kwa mtoto mdogo

Nafanya kazi maabara hapa Kigoma mjini na karatasi ambayo akina mama wananiletea sana wakiwa wamechanganyikiwa ni hii ya aleji ya chakula. Damu tunatoa hapa, mara nyingi inasafirishwa kwenda maabara kubwa, majibu yanarudi kwenye simu, mama anafungua anakuta karanga pozitivu, soya pozitivu, ngano pozitivu, yai pozitivu, basi jioni hiyohiyo mtoto anabaki na ugali na mlenda. Subiri kwanza mama, tuisome pamoja.

Hatua ya 1: Weka karatasi pembeni, andika kilichotokea

Chukua daftari uandike: mtoto alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya muda gani, zilikuwa zipi, na je, amewahi kula tena hicho chakula ikawaje. Aleji inayoonekana kwenye kipimo hiki huwa haichelewi, mara nyingi ni dakika chache mpaka kama saa 2: vipele vya kuvimba, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa au kifua kubana. Mtoto aliyekula yai Jumatatu akaharisha Jumatano, hapo yai siyo mshukiwa wa kwanza.

Na kwa sisi wa ziwani kuna hili la dagaa. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka, au samaki akikaa juani muda mrefu, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama na hiyo hata uchemshe vipi haitoki. Mtu akila uso unakuwa mwekundu, anawashwa, kichwa kinauma, yaani unaweza kuapa kwamba ni aleji. Kwa hiyo uliza, nyumbani nani mwingine aliwashwa siku ile? Kama baba na dada nao walijikuna, shida ilikuwa kwenye mzigo wa dagaa.

Hatua ya 2: Tenganisha IgE ya jumla na IgE ya kila chakula

IgE ni kinga ya mwili inayohusika na aleji za haraka. Kwenye karatasi kuna mstari mmoja wa IgE ya jumla, halafu chini yake orodha ya vyakula, kila kimoja na namba yake. Ile ya jumla ndiyo inatisha watu kwa sababu inaweza kusoma 1,800 wakati pembeni wameandika kawaida ni chini ya 60 au 100. Sasa huku kwetu mtoto anacheza kwenye udongo, anaoga ziwani, minyoo na kichocho vyote vinapandisha hiyo namba, na pumu ya ngozi pia inapandisha. Ukiona eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) nazo ziko juu kwenye FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, muulize daktari kuhusu choo kikubwa na mkojo vipimwe. IgE ya jumla peke yake haikwambii mtoto ana aleji ya chakula gani, wala kama anayo kabisa.

Hatua ya 3: Soma namba, usiishie kwenye neno pozitivu

Namba za vyakula ziko kwa kipimo cha kU/L. Mashine nyingi zinaanza kuona kuanzia 0.10, na mstari wa zamani wa kusema pozitivu ni 0.35. Halafu kuna madaraja: 0.35 mpaka 0.70 daraja la 1, mpaka 3.5 la 2, mpaka 17.5 la 3, mpaka 50 la 4, mpaka 100 la 5, zaidi ya hapo la 6. Watu wanadhani daraja la 4 maana yake reaksheni itakuwa kali, hapana. Namba ikipanda, uwezekano wa kuwa na aleji ya kweli ndio unapanda, ukali ni habari nyingine, yupo mwenye namba ndogo akazidiwa vibaya.

IgE kuwepo maana yake mwili unakitambua hicho chakula. Wangapi unawatambua pale soko la Mwanga na hamjawahi kugombana?

Hatua ya 4: Oanisha namba na daftari lako

Hapa ndipo kazi ilipo. Tuchukue mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu: yai 9.4, karanga 1.2, soya 0.8, ngano 0.5, maziwa ya ng'ombe chini ya 0.10.

Yai: daftari linasema alionjeshwa yai la kuchemsha, baada ya dakika kumi midomo ikavimba na akatapika. Namba na historia vinasema kitu kimoja. Kuna viwango vilivyotoka kwenye tafiti za mwaka 2001 kwa watoto waliokuwa tayari wanashukiwa kuwa na aleji, kwamba yai likifika 7, au 2 kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, karibu 95 kati ya 100 wana aleji kweli. Kwa maziwa ni 15, karanga 14, samaki 20. Hivyo ni vya kumsaidia daktari kufikiri, usivibebe kama sheria, maana havikutoka kwa watoto wenye minyoo kama wetu.

Karanga 1.2: mama, uji wa lishe anakunywa? "Kila asubuhi, tangu ana miezi saba." Ndani ya ule unga kuna nini? "Mahindi, ulezi, soya, karanga." Amewahi kuvimba? "Hapana." Basi karanga, soya anakula na hana shida navyo, hiyo namba iache palepale kwenye karatasi. Ghana walipima watoto wa shule wakakuta wengi wana IgE ya karanga na wanazila vizuri tu, na ilienda sambamba na kichocho, kwa sababu minyoo ina sukari zinazofanana na zile za kwenye karanga na kipimo kinazichanganya. Ndugu zetu wa Tabora mnaolima karanga hili liwahusu sana. Ngano kama anakula chapati na mandazi bila shida, jibu ni lilelile.

Hatua ya 5: Karatasi safi nayo isikudanganye

Kuna aleji zisizopitia IgE. Mtoto mchanga anatoa choo chenye damu baada ya kuanza maziwa ya ng'ombe, au anatapika mfululizo saa 1 mpaka 4 baada ya kula na kulegea, kipimo kinaweza kusoma sifuri kabisa. Rudi na daftari kwa daktari.

Na kile kipimo cha IgG (kinga ya aina nyingine, siyo IgE) kinachouzwa kwa bei kubwa na orodha ndefu ya vyakula, okoa hela yako. IgG inaonyesha tu kwamba mtoto amekuwa akila hicho chakula.

Hatua ya 6: Amua chakula na daktari

Chakula anachokula bila shida usikitoe kwa sababu ya namba. Ukimnyima muda mrefu anakosa lishe, na kwa baadhi ya watoto aleji ya kweli inaweza kujitokeza siku ukikirudisha. Chakula kilichowahi kumvimbisha usikijaribu nyumbani hata bibi akisema "kidogo tu hakina neno", jaribio hilo linafanyika hospitali wakiwa na sindano ya adrenalini mkononi. Ikitokea bahati mbaya akavimba na kifua kikabana au akalegea, kimbia hospitali, dawa ni adrenalini ya kwenye paja, piriton haitoshi.

Kipimo kwa kawaida kinarudiwa baada ya miezi 6 mpaka mwaka, kwa sababu aleji ya yai na maziwa watoto wengi huwa inawaisha na namba inaanza kushuka. Rudia maabara ileile, mashine tofauti zinatoa namba tofauti, na kabla ya kuja huna haja ya kumshindisha mtoto njaa wala kumwachisha dawa za mafua na kuwashwa, hazibadilishi majibu ya damu.