Somo: Kufunga taa ya UV kabla ya membreni ya RO

RO ni mtambo unaosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia membreni, utando mwembamba sana; UV ni taa ya mionzi inayoua bakteria. Swali ni lile lile kila siku: "Nimefunga UV, mbona membreni bado inaziba?" Naandika mara moja, nimechoka.

1. Zima pampu, funga valvu, toa presha.

2. Osha membreni kwanza kwa dawa ya alkali, kwa pH anayoruhusu mtengenezaji. Mionzi inawapata bakteria wanaopita mbele ya taa tu. Ute wa bakteria ulioganda ndani ya membreni haiufikii.

3. Chagua mahali pa taa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mpangilio ni chujio la kaboni, chujio la mikroni 5, taa, pampu ya presha, membreni. Ukiweka taa kabla ya kaboni umejisumbua bure: kaboni huondoa klorini, halafu bakteria huzaliana humo humo na kwenda moja kwa moja kwenye membreni. Tena UV haiachi kinga yoyote majini. Bakteria mmoja akiponea kwenye kona ya bomba baada ya taa, ukoo mzima unafuata. Kwa hiyo bomba hilo liwe fupi, lisiwe na tawi lisilopitisha maji, na lioshwe kwa klorini KABLA ya kuunganishwa na membreni. Suuza mpaka kipimo cha klorini kisome sifuri; membreni ya poliamidi inaliwa na klorini na haiponi. Karibu na taa tumia chuma cha pua. PVC ikimulikwa inachakaa na kupasuka.

4. Balbu usiishike kwa vidole vitupu. Ikiwaka usiitazame.

5. Usivuke mtiririko ulioandikwa kwenye kibao cha taa. Wengi hulenga dozi ya mionzi ya milijuli 40 kwa sentimita ya mraba. Maji yakipita kwa kasi maradufu, dozi inabaki kama nusu.

6. Andika presha ya kuingia na kutoka kwenye membreni siku ya kwanza. Tofauti yake ikipanda kwa asilimia 15, osha.

MASWALI

— Mkuu, taa niweke wapi?
Hatua ya 3.

— Yangu ina miaka mitatu na inawaka vizuri tu, ila ute umerudi.
Hiyo bluu unayoiona siyo inayoua. Kazi inafanywa na mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, ambayo jicho haliioni. Balbu nyingi za zebaki za presha ndogo huhesabiwa saa 9,000 hivi, karibu mwaka. Badilisha.

— Kwa hiyo UV haifai, ni biashara tu?
Sijasema hivyo. Soma tena.

— Samahani fundi, maji yangu ya kisima yana chuma. Kinaathiri?
Swali zuri, ahsante. Sana! Chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, mrija wa kwatzi (kama kioo) unaofunika balbu hupakwa kutu na mwanga haupiti. Ondoa chuma mapema. Mrija uliokwisha kuchafuka uloweke kwenye asidi ya sitriki, ufute kwa kitambaa laini.

— Siki je?
Inafaa kwa chokaa nyepesi. Ukiurudisha mrija, weka mpira mpya wa kuziba. Wa zamani huvujia kwenye soketi ya umeme.