AC ya Gari Haipozi Vizuri: Pima Kwanza, Gesi Baadaye

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Anayeongeza gesi bila kupima ataongeza tena baada ya muda, na kama tatizo halikuwa gesi, ameharibu kilichokuwa kizima: gesi ikizidi, presha inapanda, uwezo wa AC kupoza unapungua na kompresa (pampu inayosukuma gesi) inaumia.

Somo hili ni la magari yanayotumia gesi aina ya R134a, kama Vitz, IST, Probox na Premio. Magari mapya kadhaa hutumia R1234yf, kwa hiyo soma kibandiko chini ya boneti kabla ya kugusa chochote. Andaa kipimajoto cha jikoni chenye sindano, tochi na karatasi moja nyepesi. Geji za kupima presha ya gesi zinakuja mwishoni.

1. Pima joto la upepo

Weka gari kivulini, washa AC kwenye baridi ya mwisho, feni ya mwisho, hewa izunguke ndani. Shikilia injini kwenye mizunguko 1,500 (RPM) kwa muda wa dakika 5, kisha ingiza kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Nyuzi 5 hadi 10 ni AC nzima. Kwa Dar, Tanga au Mombasa wakati wa joto, gari likiwa limesimama, 12 si ugonjwa: nguvu nyingi inatumika kukausha unyevu wa hewa. Ukiona 18 au zaidi, endelea.

2. Upepo ni mdogo, au ni wa joto?

Hapa ndipo wengi wanapotea. Upepo ukiwa baridi lakini hafifu, usiguse gesi. Fungua droo ya dashibodi upande wa abiria, bana kuta zake zitoke kwenye vizuizi, chomoa filta ya AC. Ikiwa nyeusi na imejaa majani, badilisha. Mshale ufuate upepo unakoelekea. Gari lililotembea bila filta, vumbi limeganda kwenye evaporeta yenyewe (kipozeo cha hewa kilicho nyuma ya dashibodi), na hilo linahitaji kusafishwa.

Upepo ukianza vizuri kisha ukafifia baada ya nusu saa, zima AC uache feni kwa dakika 10. Upepo ukirudi, evaporeta inaganda barafu. Chanzo ni filta chafu, sensa ya joto ya evaporeta, au gesi pungufu.

3. Shika mabomba

Karibu na ukuta unaotenganisha injini na kabini kuna bomba nene na jembamba la AC. AC ikifanya kazi, lile nene liwe baridi na linatoka jasho. Jembamba liwe la vuguvugu. Bomba nene likiwa baridi kabisa huku ndani kunapuliza joto, mfumo wa gesi ni mzima: kipazia kinachochanganya hewa ya baridi na ya hita kimekwama, au valvu ya hita haifungi. Jaribio hili halina gharama yoyote.

4. Kompresa

Tazama uso wa puli bila kusogeza mikono kwenye mkanda. AC ikiwashwa, sahani ya mbele (klachi) inanasa na kuzunguka pamoja na puli. Isiponasa, kagua fyuzi, kisha rilei; jaribu kuibadilisha na ya honi kama namba zinafanana. Kama inanasa gari likiwa baridi na kuachia likichemka, klachi imelika na nafasi yake imepanuka. Nafasi ya kawaida ni karibu milimita 0.35 hadi 0.65, na mara nyingi kutoa washa (kipete cha chuma) moja nyembamba kunatosha bila kununua kompresa.

Usiiunganishe kompresa moja kwa moja kwa waya. Swichi ya presha huikata gesi ikiwa chini sana kwa sababu oili inasafiri pamoja na gesi. Bila gesi, kompresa inazunguka kavu na kujisaga, na vipande vyake vinaziba kondensa.

5. Kondensa na feni

Kondensa iko mbele ya rejeta na ndiyo inayotupa joto nje. Feni zizunguke mara AC inapowashwa. Lakini kuzunguka tu hakutoshi. Weka karatasi mbele ya kondensa: inapaswa kunyonywa na kunata. Ikisukumwa, aliyebadilisha mota alipishanisha nyaya na feni inazunguka kinyume.

Kisha mwagia kondensa maji polepole. Upepo ndani ukipoa papo hapo, tatizo ni upande huu: uchafu, feni dhaifu, au gesi iliyozidi. Osha kwa maji ya presha ndogo. Presha kubwa inalaza mapezi yake.

6. Geji

Vaa miwani na glavu. Gesi ikikugusa inagandisha ngozi. Kabla ya kuwasha gari, ikiwa nyuzi 30, geji zote mbili zisome karibu psi 97. Namba hiyo inathibitisha kuwa gesi ipo, haielezi kiasi gani.

Washa, mizunguko 1,500, milango wazi. Kwa Toyota nyingi, hewa ikiwa nyuzi 30 hadi 35, geji ya bluu (presha ya chini) inasoma psi 21 hadi 36 na nyekundu (presha ya juu) 199 hadi 228. Pwani inaweza kupanda kidogo.

Zote chini: gesi pungufu. Zote juu: feni, kondensa chafu, gesi iliyozidi, au hewa imeingia. Bluu juu na nyekundu chini: kompresa imechoka. Bluu ikishuka hadi vakyumu (chini ya sifuri): kuna kuziba, mara nyingi valvu ya ekspansheni (inayopitisha gesi kuingia evaporeta), na baridi au barafu huonekana pale palipoziba. Bluu ikishuka na kurudi yenyewe ni unyevu unaoganda ndani ya valvu, badilisha draya (kinyonya unyevu cha mfumo).

Usifungue valvu nyekundu injini ikiwa inafanya kazi na mtungi umeunganishwa. Presha inaweza kuupasua mtungi.

7. Uvujaji na ujazaji

Tafuta doa la oili lililoshika vumbi: maungio, uso wa kondensa, shafti ya kompresa, valvu ndogo za kujazia. Pakia nitrojeni na upake povu la sabuni. Oksijeni kamwe: ikikutana na oili inalipuka.

Ziba, vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu) angalau dakika 30, funga valvu, subiri dakika 15. Sindano ya geji isitembee. Jaza kwa mizani, kwa gramu zilizo kwenye kibandiko, kwani kwenye magari haya madogo hata gramu 100 zinaleta tofauti. Pima pia mtungi wenyewe: uliokaa kivulini kwenye nyuzi 30 usome karibu psi 97. Ukisoma 150 na zaidi, usiitie gesi hiyo kwenye gari; R22 ya AC za nyumba husoma karibu 158 kwenye joto hilo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, Probox yangu inapoza safi barabarani, nikiingia foleni inapuliza joto. Fundi anasema ni kompresa.*

Usinunue bado. Gari likiwa limesimama, panda hadi mizunguko 2,000. Ikipoa, kompresa imechoka au gesi ni pungufu. Isipopoa mpaka gari litembee, ni feni au kondensa. Rudi hatua ya 5.

*Nina Aqua. Fundi anataka kuweka oili ya PAG, ni sawa?*

Hapana, ndugu. Aqua ni gari la haibridi; kompresa yake ni ya umeme wa volti nyingi na inatumia oili ya POE, ND-OIL 11. PAG inaharibu uwezo wa kuzuia umeme kuvuja, gari linaweza kukataa kuwaka, na kusafisha mfumo ni gharama kubwa. Hakikisha hata hosi za geji zake hazina mabaki ya PAG.

*Upande mmoja wa dashibodi baridi, mwingine vuguvugu. Gari halina AC ya pande mbili.*

Anza na gesi pungufu. Evaporeta haijai, inapoza sehemu tu. Thibitisha kwa geji, kisha utafute inapovujia.

*Niko Nairobi, pampu ya vakyumu inagota kwenye inchi 24 za zebaki wakati maelekezo yanasema 29. Pampu imekufa?*

Ni nzima. 29 ni ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,700 hivi, hewa yenyewe ni nyepesi na geji haiwezi kupita 24 na nusu. Ongeza muda wa kuvuta ufike dakika 45, kisha angalia kama sindano inakaa palepale ukifunga valvu.