SOMO: Kununua nyumba ya kwanza ya kupangisha Dar

Kila wiki naulizwa: "Nina akiba, nataka nyumba ya kupangisha, nianzie wapi?" Naandika mara moja, mtumiane.

1. Chagua mtaa unaoweza kuufikia mwenyewe bila kumtegemea dalali.

2. Uliza kodi kwa wapangaji wa jirani, kisha piga hesabu. Nyumba ya milioni 60 inayopangishwa laki 3 kwa mwezi huingiza milioni 3.6 kwa mwaka. Hela yako inarudi baada ya miaka zaidi ya 16, hapo hujapaka rangi wala kuziba paa.

3. Ikague wakati wa masika.

4. Mjue anayeuza. Hapa niliumia. Nilinunua nyumba Mbagala, tukasaini serikali ya mtaa, mashahidi wapo, muhuri upo. Miezi minne baadaye wakaja dada wawili wa muuzaji: nyumba ni ya marehemu baba yao na mirathi haijafunguliwa. Nilikaa mahakamani miaka mitatu na nyumba ikawarudia. Muhuri wa mtaa unaonyesha mliketi pale mkasaini, hauonyeshi nani mmiliki. Kama kuna hati ya umiliki, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uangalie kwenye daftari lake nani ameandikwa mmiliki. Kama ni nyumba ya urithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi wote wasaini. Muuzaji ana mke au mume? Taka ridhaa ya maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Kabla ya hayo usitoe hata kishika uchumba. USITOE.

5. Mpangaji asaini mkataba, na mpige picha kila chumba siku anayoingia.

MASWALI

— Mkuu nina milioni 8, nitumie namba ya dalali.
Sina dalali. Soma namba 4.

— Mbona unatutisha? Mimi nilinunua kwa muhuri wa mtaa na niko salama.
Nashukuru uko salama. Mimi nimeeleza yaliyonikuta, na mahakamani sikuwa peke yangu.

— Shikamoo. Muuzaji ana leseni ya makazi tu, hana hati. Niache?
Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Usiache kwanza. Leseni ya makazi ni kibali cha kukaa kwenye kiwanja, ni ya muda mfupi na huhuishwa, kwa hiyo angalia inaisha lini, kisha nenda nayo manispaa iliyoitoa walinganishe jina na kumbukumbu zao. Halafu zungumza na majirani wa pande zote nne kuhusu mipaka. Ukikwama niandikie, nitakusomea karatasi zako bure.

— Mimi ni mpangaji. Kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku yangu ninaponunua umeme, ni halali?
Inakatwa huko tangu 2021, lakini mdaiwa ni mwenye nyumba. Tunza risiti, mkatane kwenye kodi ya pango. Wangu nawarudishia kila Desemba.

— Na mchwa je?
Dawa imwagwe kwenye msingi kabla ya jamvi (zege la sakafu). Nyumba ikishasimama, gonga fremu za milango kwa kidole. Ikilia kama tupu ndani, punguza bei.