Usukani wa Trekta Dogo Ukilegea, Anzia Chini

Msimu wa mvua ukiisha, wenye matrekta madogo ya kukatia nyasi na kuvutia mikokoteni huko Ruai na Njiru, mashariki mwa Nairobi, hulalamika kitu kimoja: unazungusha usukani, magurudumu hayageuki. Udongo mweusi wa upande ule hunata kwenye viungo vya usukani, na chembe ngumu zilizomo husaga kama msasa bushi (vipete vya ndani ya viungo) na vichwa vya tairodi (fito za chuma zinazosukuma magurudumu yageuke). Kiangazi nacho huja na mipasuko inayoitikisa ekseli ya mbele.

Wengi hukimbilia kukaza gia ya usukani. Tafadhali usifanye hivyo kwanza. Kama tairodi ndiyo imelika, gia iliyokazwa itakuwa nzito tu na meno yake yataisha upesi.

Egesha mahali tambarare, zima injini, chomoa waya wa plagi na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Mtu atikise usukani kushoto na kulia polepole, nawe ushike kila kiungo kwa vidole. Kilichochoka utakihisi: upande mmoja unacheza, wa pili umetulia. Kisha inua ekseli, uiegemeze kwenye stendi wala si jeki peke yake, ushike gurudumu juu na chini. Likicheza, kagua beringi na bushi za kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia).

Kabla ya kufungua tairodi, pima urefu wake na uuandike. Ikikataa kutoka, gonga ubavu wa mkono wa chuma inamoingia. Ukigonga ncha yenye nyuzi (mikato ya kufungia nati) utaziharibu. Beba ile kuukuu hadi maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road uilinganishe na mpya, nyuzi kwa nyuzi, maana nyingine hufungwa kinyume. Bushi huweza kukerezwa na mafundi wa Kariobangi Light Industries. Lakini kichwa cha tairodi kilicholika kisichomelewe kamwe: kikikatika kwenye mteremko, hakuna breki itakayorudisha uelekeo.

Ukishafunga, nyoosha magurudumu na upime nafasi kati yake kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha ekseli. Kwa matrekta mengi, mbele huwa finyu kidogo, milimita 3 hadi 6. Kitabu cha trekta lako ndicho cha kufuatwa. Kaza lokinati (nati ya kufungia urefu wa tairodi), tia kota pini mpya (pini inayozuia nati isilegee), kisha pampu grisi hadi ile chafu itoke yote.