Tope la majitaka kwenye mikaratusi: kilo ngapi, wapi, lini

Chukua tope lililokaushwa na kuhifadhiwa mahali pakavu mwaka mzima au zaidi. Likiwa bichi lina mayai ya minyoo, na hayo hayafi haraka. Tope zuri hupasuka kama matofali mabichi, na ukilivunja halinuki choo.

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 (miti 1,111 kwa hekta), weka kilo 5 kila mti: takriban tani 5.5. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15, nusu mita kutoka shinani, upande wa juu wa mteremko. Tia, kisha fukia siku hiyohiyo. Likiachwa juu, naitrojeni hupotea hewani na mvua hulisomba. Kwenye luseni, mchanga wetu wa Mwanza, hilo ni hasara tupu.

Fanya hivyo mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba, ardhi ikiwa imelowa kidogo. Acha mita 60 kutoka ziwani, na zaidi penye mteremko: fosforasi ikifika majini hulisha magugu maji.

Potasiamu yake ni ndogo, hivyo ongeza majivu baadaye, si pamoja. Vaa glovu na buti. Mboga zisipandwe katikati ya miti hiyo, wala mbuzi wasilishwe humo.