Kabla hujanunua parseli iliyokatwa kwenye ardhi ya chuo

Mimi ni mpimaji wa ardhi hapa Lubumbashi. Upande wa Kasapa, penye chuo kikuu, kila mtu anatafuta kiwanja, na swali ninaloletewa ni lile lile: "Baba, chuo kinauza sehemu kisiyoitumia. Ninunue?"

Anza na mwenye ardhi. Kwa sheria ya 1973, udongo wote wa Kongo ni wa serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Na ardhi iliyotengwa kwa huduma ya umma, mfano chuo cha serikali, haiuziki mpaka serikali iiondoe rasmi kwenye huduma hiyo. Kwa hiyo saini ya rekta peke yake haitoshi. Dai kwanza karatasi ya dezafektasio, yaani ya kuiondoa ardhi kwenye huduma ya umma. Komisioneri, yaani dalali, akisema "iko njiani", usitoe hata faranga. Kwa chuo cha binafsi, tazama konsesio yake, yaani haki yake ya kutumia ardhi, inaisha lini, maana ile ya kudumu hupewa raia Mkongo tu, haipewi shirika.

Kisha peleka namba ya sertifika, yaani hati ya ardhi, kwa konservateri, afisa wa serikali anayesajili hati hizo. Kitabu cha usajili kiko kwake, na nakala ya muuzaji lazima ilingane nacho. Fotokopi usiipokee.

Halafu twende uwanjani, na hapa nakusihi usiharakishe. Fyeka majani mpaka uzione borne zote. Borne ni jiwe la mpaka, la simenti, lenye chuma katikati. Huku kwetu vichuguu hupita kimo cha mtu, na wafyatua matofali huvichimba kwa udongo wake. Borne iliyokuwa pembeni hung'oka nao. Ukikuta simenti bado nyeupe na udongo umelegea kuizunguka, ilhali karatasi ni ya miaka mingi, kuna aliyesogeza mpaka. Mwite mpimaji wa kadastri, ofisi ya serikali ya upimaji, apime upya mbele ya majirani.

Yule mama anayelima mahindi humo, msalimie vizuri, umuulize: "Mama, hapa ulipewa na nani? Nani wengine wamekuja kupima?" Mara nyingi yeye ndiye anayejua kama kiwanja kimeshauzwa.

Nenda pia siku ya mvua, Januari, uone maji yanapita wapi.

Kuuziana kukikamilika, fuatilia mutasio, yaani kuhamisha hati kwa jina lako, siku hiyo hiyo. Haki inakuwa yako pale tu sertifika inapotoka kwa jina lako, na baada ya miaka 2 haipingiki tena.